Uzi: Ufashisti na ukomunisti ni pacha, au ni mahasimu waliofanana sura tu?

#1 Mwalimu wa Zamu

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita. Wiki iliyopita nilikuwa nimechora ubaoni safu mbili, ya kushoto Italia ya Mussolini na Ujerumani ya Hitler, ya kulia Umoja wa Kisovieti wa Stalin, ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, kama wote wana chama kimoja, kiongozi asiyekosolewa, polisi wa siri na kambi za wafungwa, kwa nini umechora safu mbili?" Nilimjibu haraka haraka kwamba hawa ni mrengo wa kulia na wale ni mrengo wa kushoto, nikaona usoni pake kwamba sijajibu kitu.

Nimelifikiria swali lile siku nne sasa, na ninaelekea kukubaliana naye. Wote walitwaa madaraka kwa mtutu wa bunduki, wote walivipiga marufuku vyama vingine, wote walitaka kujua hata anachowaza mtu akiwa kitandani. Tofauti ni rangi ya shati: nyeusi, kahawia au nyekundu. Anayeona nimepotoka anisahihishe kwa hoja, kwa sababu Jumatatu ninarudi kwenye ubao uleule.

#2 Kabwela Msomi

Mwalimu, umejikwaa kwenye hatua ya kwanza. Oktoba 1922 wafuasi wa Mussolini waliandamana kuelekea Roma wamelowa mvua, wengi wakiwa hawana silaha za maana, huku mwenyewe akisubiri simu Milano. Mfalme Vittorio Emanuele III alikataa kutia saini amri ya hali ya hatari, akamwita aunde serikali, naye akaenda Roma kwa treni ya usiku yenye vitanda. Hitler vilevile aliteuliwa na Rais Hindenburg tarehe 30 Januari 1933, na chama chake hakijapata kufikisha nusu ya kura katika uchaguzi huru: Novemba 1932 kilipata asilimia 33.1, na hata Machi 1933, wakati wakomunisti wanakamatwa na wanamgambo wake wa mashati ya kahawia wametanda mitaani, kiliishia asilimia 43.9.

Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, ndio waliovunja mlango mwaka 1917, kisha wakapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Aliyekabidhiwa funguo na wenye nyumba hana sababu ya kuibomoa, ndiyo maana mfalme, majenerali, maaskofu na wenye viwanda walibaki vyumbani mwao. Aliyevunja mlango alibomoa mpaka msingi.

#3 Fundi Saa

Kabla hatujafika mbali, tukubaliane tunazungumzia nini, maana humu ndani kila rais anayekaa miaka mingi huitwa wa kiimla.

Neno lenyewe linatufundisha. Imla tuliifanya sote shuleni: mwalimu anasoma, wewe unaandika, huruhusiwi kuuliza, na kila herufi iliyokosewa inakatwa alama. Dikteta wa kawaida anataka ukae kimya tu. Ukilima shamba lako na kusali kwako bila kumgusa, hana shida nawe. Mtawala wa kiimla haridhiki na kimya chako. Anataka uandike anachosoma, kisha usimame ukisome kwa sauti, tena kwa tabasamu, na mwanao aangalie kama umekosea.

Wazungu neno lao, *totalitario*, lilizaliwa Italia. Giovanni Amendola, mpinzani wa Mussolini, alilitumia mwaka 1923 kama lawama. Miaka miwili baadaye Mussolini akaliokota na kulivaa kama nishani, akatangaza kwamba vyote viwe ndani ya dola, kisiwepo kitu nje ya dola, wala kitu dhidi ya dola. Amendola alipigwa na genge la mafashisti akafa mwaka 1926.

#4 Mchumi Mkavu

Kabwela kagusa penyewe, ila mimi ningeuliza swali moja tu: nani alibaki na hati ya kiwanda? Krupp, tajiri wa mji wa Essen, Ujerumani, aliingia mwaka 1933 na viwanda vyake vya chuma na akabaki navyo. Alipangiwa azalishe nini, lakini faida ilikuwa yake. Waliofutwa ni vyama vya wafanyakazi, tena kwa ujanja ambao ningependa Mwalimu awasimulie vijana wake: tarehe 1 Mei 1933 Wanazi waliifanya Mei Mosi kuwa sikukuu ya taifa, wafanyakazi wakaandamana kwa bendera na tarumbeta, na kesho yake asubuhi ofisi za vyama vyao zikavamiwa nchi nzima na viongozi wakakamatwa.

Urusi mambo yalikuwa kinyume. Bepari alinyang'anywa kila kitu, na kuanzia mwaka 1929 hata mkulima mwenye ng'ombe wawili aliweza kuitwa kulaki, ambalo kwao maana yake ni kupe, akapakiwa na watoto wake kwenye behewa la mizigo. Tajiri wa Essen alilala usingizi. Mwenye ng'ombe wawili wa Ukraine hakulala.

#5 Fundi Saa

Ndugu Mchumi, kulaki kwa Kirusi ni ngumi, si kupe. Kupe ni wetu wa Azimio la Arusha, usimsafirishe bila pasi.

Na hati ya kiwanda haitoshi. Mwaka 1933 serikali ya Mussolini iliunda shirika la IRI lililochukua hisa za mabenki makubwa yaliyokuwa yanafilisika, na kwa njia hiyo dola likajikuta linamiliki sehemu kubwa ya chuma, meli na simu za Italia. Kwa kipimo chako Italia ilikuwa inakwenda wapi?

#6 Mchumi Mkavu

Nimekubali ngumi. IRI sijaikubali, kwa sababu kuokoa benki ya tajiri na kumnyang'anya tajiri benki ni mambo mawili.

#7 Bin Kikwajuni

Assalamu alaykum. Nimekulia jirani na maghorofa yaliyojengwa Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha nikapelekwa kusoma hukohuko kuanzia mwaka 1983. Naomba niwasimulie mahali pamoja tu.

Karibu na mji wa Weimar, juu ya kilima chenye msitu wa mibeyu, ipo kambi ya Buchenwald. Sisi wanafunzi wa kigeni tulipelekwa huko kwa basi katika mwaka wangu wa kwanza. Lango lake lina maandishi ya chuma yanayosema kila mtu apewe stahili yake, na herufi zimegeuzwa ndani ili asomaye awe ni mfungwa. Saa ya mnara imesimamishwa kwenye saa ya Kizungu 3:15, wakati kambi ilipokombolewa alasiri ya tarehe 11 Aprili 1945. Mwongozaji alitueleza habari za Ernst Thälmann, kiongozi wa wakomunisti aliyepigwa risasi pale mwaka 1944, na habari za wafungwa wakomunisti waliojipanga kwa siri. Watu wapatao 56,000 walikufa pale chini ya Wanazi, na mimi nililia, sitaficha.

Nilirudi mwaka 1997 kumtembelea rafiki. Safari hii nilionyeshwa jengo jipya la maonyesho, kisha nikapelekwa nyuma yake kwenye msitu wa upande wa kaskazini. Kulikuwa na nguzo za chuma nyembamba zimesimama katikati ya miti, hazina majina. Nikaambiwa kwamba kuanzia Agosti 1945 hadi 1950 Wasovieti waliitumia kambi hiyohiyo, wakafungia watu 28,000, na zaidi ya 7,000 wakafa wakazikwa pale msituni bila alama. Ile siku ya basi nilisimama hatua chache kutoka kwenye makaburi hayo nikala mkate wangu, na hakuna aliyenong'ona. Mwalimu, mimi ninashindwa kuchora safu mbili wakati uzio ulikuwa mmoja.

#8 Kabwela Msomi

Bin Kikwajuni, nimeusoma ushuhuda wako mara mbili. Hata hivyo uzio mmoja haufanyi kazi moja. Miongoni mwa waliofungwa na Wasovieti walikuwamo maofisa wa mitaa wa chama cha Nazi, pamoja na vijana na watu waliosingiziwa, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Ni jinai, sibishi. Lakini Wanazi walikuwa na mahali kama Treblinka, ambako kati ya mwaka 1942 na 1943 watu zaidi ya 700,000 waliuawa, wengi wao ndani ya saa chache tangu kushuka kwenye treni. Pale hapakuwa na kazi ya kufanya wala kifungo cha kumaliza. Kambi ya Stalin ilikuwa na kazi, kipimo cha kazi na tarehe ya kutoka, hata kama tarehe hiyo ilikuwa ya uongo. Sijasikia kambi ya Kisovieti iliyojengwa kwa ajili ya kuua wanaoshuka tu.

#9 Bin Kikwajuni

Hapo sina jibu. Nguzo lakini zipo.

#10 Mjukuu wa Keya

Hamjambo. Ninaandika kutoka Bungoma. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, na mwaka 1941 alipigana na Mtaliano Abisinia, yaani Ethiopia, mpaka Gondar iliposalimu amri mwezi Novemba. Alirudi na bakuli la bati ambalo alisema alilichukua kwenye kambi ya mafashisti, na sisi wajukuu tulikuwa tunanywea uji humo kwa zamu. Baadaye alilinda mateka wa Kiitaliano waliokuwa wakichimba barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, wale waliojenga kanisa dogo la mawe pale juu ya Mai Mahiu mwaka 1942. Alikuwa akituuliza: kama walikuwa wabaya kama tulivyoambiwa na maafande, mbona walikuwa wakiimba jioni? Nami nawauliza: mtu anaweza kuwa fashisti kwa saa za kazi tu?

#11 Shemasi Mstaafu

Mjukuu, bakuli hilo lina alama? Mafashisti walipenda kugonga nembo yao kila mahali: mganda wa fito uliofungwa pamoja na shoka. Jina lao lenyewe limetoka humo, kwani kwa Kiitaliano *fascio* ni mganda. Ukilipindua ukaikuta, ni kitu cha makumbusho.

#12 Mjukuu wa Keya

Lipo kwa mama mdogo kijijini. Nitakwenda Pasaka, nitalipindua.

#13 Dada wa Addis

Habari zenu. Mimi ni Mtanzania, nimeishi Addis Ababa miaka tisa, na ninashangaa kuona mpo kwenye ukurasa wa pili na hakuna aliyesema kwamba jirani yetu Ethiopia alizionja zote mbili. Kuanzia 1936 hadi 1941 alitawaliwa na mafashisti. Kuanzia 1974 hadi 1991 alitawaliwa na Dergi, wanajeshi waliojitangaza kuwa wafuasi wa Marx na Lenin.

Mama mwenye nyumba wangu ana picha mbili ukutani sebuleni. Moja ni ya babu yake mzaa mama, aliyeuawa Februari 1937, pale mafashisti walipotembea mitaa ya Addis siku tatu wakiua na kuchoma nyumba baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitaliano. Ya pili ni ya kaka yake, mwanafunzi, aliyechukuliwa wakati wa Ugaidi Mwekundu, msako wa Dergi dhidi ya wapinzani wake, ule ambao Mengistu, kiongozi wao, aliufungua rasmi uwanjani Aprili 1977 kwa kuvunja chupa zilizojaa kimiminika chekundu. Nilimuuliza siku moja, tukichambua kahawa, yupi alikuwa mbaya zaidi. Hakuinua macho kwenye ungo. Akasema Waitaliano walitutambua kwa ngozi, Dergi walitutambua kwa majina, kwa sababu walioandika majina walikuwa ni watu wa kebele yetu, yaani serikali ya mtaa, na mmoja wao bado tunaamkiana.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: ufashisti uliua nje, ukomunisti uliua ndani. Mahakama Maalumu ya Mussolini iliua kwa risasi watu 31 tu hadi mwaka 1943, nanyi wasomaji wa vitabu vya Ulaya mnasema Italia ilikuwa na udikteta mwepesi. Waulizeni Walibya wa Cyrenaica, waliosukumwa wapatao 100,000 kwenye kambi za jangwani kuanzia mwaka 1930, wakafa kwa makumi elfu, na Omar al-Mukhtar akanyongwa mbele ya wafungwa mwaka 1931. Waulizeni Waethiopia waliomwagiwa gesi ya haradali kutoka angani. Wakati huohuo Stalin alikuwa anaua Warusi, Waukraine, Wakazakhi, na zaidi ya wote, wakomunisti wenzake.

#14 Mtoro wa Mihadhara

Dada wa Addis, hoja nzuri, ila Unazi unaitoboa pande zote mbili na Katyn inaitoboa upande wa tatu. Wayahudi wa Ujerumani walikuwa raia, wengine walikuwa na nishani za vita vya kwanza. Na Wapolandi wapatao 22,000 waliopigwa risasi na Wasovieti majira ya kuchipua mwaka 1940 hawakuwa watu wa ndani. Moscow iliwasingizia Wajerumani hadi Aprili 1990.

#15 Dada wa Addis

Wayahudi wa Ujerumani hawakufika asilimia 1 ya Wajerumani. Walio wengi kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa walitoka Poland, Urusi, Hungaria na kwingineko, nchi zilizovamiwa. Tena kabla ya kuwaua wale wa ndani, mwaka 1935 walivuliwa kwanza uraia kwa sheria. Waligeuzwa watu wa nje kwa kalamu. Naona hoja yangu bado inapumua.

#16 Mtoro wa Mihadhara

Inapumua, ila kwa mashine.

Nirudi kwa Mwalimu. Orodha uliyoichora ubaoni inafanana sana na ile ya Friedrich na Brzezinski, wanazuoni wa siasa huko Marekani, ya mwaka 1956, yenye alama sita: itikadi inayoeleza kila kitu, chama kimoja, polisi wa kutisha, vyombo vya habari mkononi mwa chama, silaha mkononi mwa dola, na uchumi unaoongozwa kutoka juu. Ilizaliwa katikati ya vita baridi, wakati Marekani ilihitaji kueleza kwa nini rafiki wa jana aliyemshinda Hitler ni adui wa leo, na harufu hiyo haijaisha. Mwanafalsafa Hannah Arendt, aliyewatangulia kwa miaka mitano, aliwaweka Hitler na Stalin kapu moja, lakini Mussolini akamwacha nje mpaka mwaka 1938, akisema huyo alikuwa dikteta wa kawaida mwenye maneno makubwa. Kwa hiyo mtu aliyelivaa neno lile kifuani ndiye aliyenyimwa cheti.

#17 Fundi Saa

Cheti alinyimwa kwa haki. Mtu aliyemwachia mfalme kiti chake na mwaka 1929 akatia saini mkataba na Papa, akampa Vatican iwe nchi, hajamiliki vyote ndani ya dola. Alikuwa anasomesha imla darasani kukiwa na walimu wengine wawili.

#18 Msomaji wa Wasifu

Naomba kuongeza kisa cha mtu aliyekaa pande zote mbili kwa mwili wake. Margarete Buber-Neumann alikuwa mkomunisti wa Kijerumani. Mumewe, Heinz Neumann, alikuwa kiongozi mkubwa wa chama. Walimkimbia Hitler wakaishia Moscow, na huko mume akakamatwa na kupigwa risasi mwaka 1937. Mke alikamatwa mwaka 1938, akapelekwa kambi ya Karaganda, kwenye nyika ya Kazakhstan. Agosti 1939 Stalin na Hitler walitia saini mkataba wa kutoshambuliana, na Februari 1940 Wasovieti wakampeleka yeye na wenzake hadi kwenye daraja la Brest-Litovsk. Upande wa pili walikuwa wanasubiri Wajerumani wa SS, kikosi cha Wanazi. Miongoni mwa waliovushwa walikuwamo Wayahudi. Kutoka pale alipelekwa Ravensbrück, kambi ya Wanazi ya wanawake, akakaa miaka mitano.

Alisimulia kwamba Karaganda palikuwa na njaa, chawa na vurugu, nyika isiyo na mwisho, ilhali Ravensbrück kitanda kilipaswa kunyooshwa kama kimepigwa rula na kosa la mkunjo liliadhibiwa. Ukipenda tofauti, Mwalimu, ndiyo hiyo. Ukipenda mfanano, angalia waliosimama darajani na karatasi ya majina, wakikabidhiana.

#19 Kabwela Msomi

Kisa ni cha kweli na kinauma, nami sitasahau kwamba wakomunisti wa Ujerumani wenyewe walichangia. Kuanzia mwaka 1928 waliamrishwa na Moscow wawaite wasoshalisti wenzao mafashisti wa kijamii, wakawapiga vita hao kuliko walivyompiga Hitler. Novemba 1932 Wanazi na wakomunisti waliunga mkono mgomo mmoja wa usafiri mjini Berlin. Miezi minne baadaye, siku ya kupiga kura ya kumpa Hitler mamlaka yote, wakomunisti hawakuwamo bungeni kwa sababu walikuwa gerezani au mafichoni, na kura 94 za kukataa zilitoka kwa haohao waliotukanwa.

#20 Mzee wa Kipande

Wajukuu, mnazunguka Ulaya kana kwamba sisi huku tulikuwa tunakula embe. Kenya tulivaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha bati, chenye alama za vidole, na bila saini ya mwajiri huwezi kuondoka. Mwaka 1959 pale Hola wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya lazima. Mshairi wa Martinique, Aimé Césaire, alisema mwaka 1950 kwamba Ulaya haikumsamehe Hitler kwa sababu aliwafanyia Wazungu yale waliyozoea kuwafanyia weusi. Safu ya tatu ubaoni iko wapi, Mwalimu?

#21 Fundi Saa

Shikamoo Mzee. Ukatili ulikuwa uleule, sitapunguza neno. Lakini mkoloni hakutusomesha imla; hakutaka tumpende, alitaka kodi na jasho. Ila umenikumbusha jambo. Mwishoni mwa mwaka 1932 Stalin alianzisha pasi za ndani, na wakulima wa mashamba ya pamoja wakanyimwa. Wewe ulifungwa kwa kupewa kipande, wao walifungwa kwa kunyimwa, na waliruhusiwa kupewa kwa haki mwaka 1974 tu. Miezi minne kabla ya pasi hizo ilitoka sheria ya tarehe 7 Agosti 1932: aliyeokota masuke shambani mwa ushirika aliweza kupigwa risasi au kufungwa miaka 10. Njaa ilikuwa imeshapiga hodi.

#22 Mzee wa Kipande

Marahaba. Hujajibu safu ya tatu, umehamisha kipande.

#23 Mkulima wa Kahawa

Tukizungumzia kuhamishwa, mimi mwaka 1974 nilikuwa na umri wa miaka 11, nyumba yetu ikaezuliwa mbele ya macho yetu ili tuhamie kijiji cha ujamaa, tukalala wiki tatu chini ya turubai. Balozi wa nyumba kumi alikuwa na daftari la kila mgeni anayelala. Hilo nalo mnaliitaje?

#24 Mchumi Mkavu

Pole sana, Mzee wangu. Ni makosa ya serikali yenye haraka, na wengi walipoteza mavuno. Lakini nakuuliza kwa heshima: baba yako alilalamika?

#25 Mkulima wa Kahawa

Kila jioni kilabuni, kwa sauti, mpaka alipofariki. Balozi alikuwa anakunywa naye.

#26 Mtoro wa Mihadhara

Zidumu fikra za balozi.

#27 Msimamizi wa Jukwaa

Mada ya vijiji vya ujamaa ina uzi wake. Turudi.

#28 Mtoro wa Mihadhara

Tumerudi. Jambo moja halijaguswa: namna tawala hizi zilivyokufa. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Julai 1943 Baraza Kuu la Ufashisti lilimpigia Mussolini kura ya kutokuwa na imani, 19 dhidi ya 8. Alasiri yake mfalme, yuleyule wa chapisho #2, akamwita, akamwambia basi, na askari wakamtoa kwa gari la wagonjwa. Watu walizivua beji zao wakazitupa barabarani, na chama cha miaka ishirini kikayeyuka usiku mmoja. Stalin alipofariki Machi 1953, chama kiliendelea miaka 38. Khrushchev, aliyemrithi, aling'olewa na wenzake Oktoba 1964, akapewa pensheni, akafa kitandani mwaka 1971. Ufashisti ulikuwa ni mtu. Ukomunisti ulikuwa ni ofisi.

#29 Msomaji wa Wasifu

Ofisi ambayo, wakati wa mtu huyo, ilijila yenyewe. Katika mkutano mkuu wa chama wa mwaka 1934 walihudhuria wajumbe 1,966. Baadaye 1,108 kati yao walikamatwa. Kati ya wajumbe 139 wa Kamati Kuu, 98 walipigwa risasi. Ni Khrushchev mwenyewe aliyezisoma hesabu hizo Februari 1956. Kwa miaka miwili tu, 1937 na 1938, kumbukumbu za polisi zinaonyesha watu 681,692 waliouawa kwa hukumu, na mikoa ilipewa idadi ya kutimiza kama magunia ya pamba, na wakubwa wa mikoa wakaomba waongezewe. Mussolini hakupata kufanya hivyo kwa mafashisti, na Hitler, baada ya kuwaua viongozi wa mashati ya kahawia Juni 1934, hakukigusa chama chake kwa kiwango hicho. Fashisti mtiifu alikuwa salama. Mkomunisti mtiifu hakuwa salama. Nani anieleze kwa nini?

#30 Shemasi Mstaafu

Kwa sababu fashisti adui yake anajulikana kwa damu au kwa bendera. Mkomunisti adui yake ni tabaka, na tabaka likishafutwa inabidi adui atafutwe moyoni mwa mtu, na moyo hauna mpaka. Hata kanisa letu liliwahi kupita njia hiyo.

#31 Dada wa Addis

Au kwa sababu aliyeko ndani ndiye anayeweza kukupindua. Mengistu aliwaua wenzake wa Dergi kabla ya wanafunzi. Si itikadi, Shemasi, ni woga.

#32 Mwalimu wa Zamu

Asanteni wote. Nilifuta "mtutu wa bunduki" nikaandika "funguo" upande mmoja na "mlango" upande wa pili. Nilisimulia daraja la Brest-Litovsk, darasa likanyamaza mpaka kengele. Yule binti alikuja mezani baadaye akaniambia kwamba sasa safu hazitoshi, na kwamba Ethiopia hajui aiweke wapi, kwa kuwa mafashisti pale walikuwa wageni na wakomunisti walikuwa wenyeji. Nilimwambia aandike insha. Akauliza ni kurasa ngapi.

#33 Kabwela Msomi

Mwambie Dada wa Addis amsaidie, lakini asimpe ile ya nje na ndani kabla haijatoka hospitali.

#34 Mjukuu wa Keya

Nimetoka kijijini. Shemasi, nililipindua bakuli. Nililisugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka herufi zikatokea. Hakuna mganda wala shoka. Limegongwa mwaka 1940 na jina la kiwanda kwa Kiingereza, kwa hiyo ni la Keya wenyewe, babu alipewa na jeshi lake. Mama mdogo amekataa kusikia. Amesema ni la Mtaliano, akalichukua akarudi nalo kupimia unga.